Barafu, tope la ziwa au matumbawe: uegemee kumbukumbu ipi kuisoma tabianchi ya kale?

Mwanafunzi anatafuta mada ya tasnifu. Mwalimu wa jiografia anaandaa somo la kidato cha tano. Mwandishi wa habari anataka kujua kama kweli ukame wa mwaka huu haujawahi kutokea. Wote watatu hukutana na swali moja: Dunia imejiwekea kumbukumbu za joto, mvua na hewa yake, lakini imezihifadhi katika vitu tofauti. Ziko kwenye barafu, kwenye tope la maziwa na la bahari, kwenye mawe ya mapangoni, kwenye matumbawe na kwenye miamba yenyewe. Uanze na ipi?

Anayechagua bila kufikiri hupoteza muda mwingi. Ataiuliza barafu ya Antaktika habari za mvua ya Dodoma, au atalitaka tumbawe la Malindi lieleze zama ambazo halikuwapo.

Kuna jambo la kuliweka wazi mapema. Hakuna hata kumbukumbu moja kati ya hizi iliyopima joto au mvua moja kwa moja. Vipimajoto vina umri wa karne chache tu. Kinachopimwa ni kitu kingine kilichoguswa na joto au mvua: uwiano wa oksijeni nzito na nyepesi, chavua ya mimea, maganda ya viumbe wadogo, vumbi, chumvi. Mtaalamu ndiye anayetoka hapo kwenda kwenye nyuzi joto au milimita za mvua, na katika kutoka huko ndiko makosa huingia.

## Vigezo vyenyewe

Cha kwanza ni umbali: kumbukumbu inarudi nyuma kiasi gani? Cha pili ni ukaribu wa kutazama: je, inaweza kuutenga mwaka mmoja na mwingine, au karne nzima zimechanganyika pamoja? Hivi viwili huvutana karibu siku zote, kwa sababu kinachofika mbali sana huwa hakioni vitu vidogo. Cha tatu ni kinachosemwa hasa, kama ni joto, mvua, au hewa. Cha nne ni eneo: inasema habari za bonde moja, za ukanda, au za Dunia nzima? Cha tano, ambacho wengi hukiruka, ni uhakika wa tarehe. Unaweza kuwa na ushahidi mzuri wa ukame mkali, lakini kama hujui ulitokea lini, huwezi kuulinganisha na kitu chochote.

Mimi nina msimamo mmoja utakaoonekana humu. Kwa Afrika Mashariki, mabadiliko ya tabianchi ya kale yaliwagusa watu kwa maji kabla ya kuwagusa kwa joto. Vitabu vingi vya shule huanza na zama za barafu za Ulaya, na msomaji wa Singida au Garissa anabaki akidhani mambo yote yalitokea kwingine.

## Barafu

Inafika wapi. Antaktika ndiko kwenye barafu ya kale zaidi iliyochorongwa kwa mfululizo. Nguzo ya Vostok, yaani mche mrefu wa barafu uliochorongwa kwenye kituo cha jina hilo na kufika kina cha mita 3,623, ilitoa miaka 420,000. Ya EPICA, mradi wa nchi za Ulaya, pale Dome C huko huko Antaktika, ikafikisha miaka 800,000. Januari 2025 mradi wa Beyond EPICA ulifika mita 2,800 na kutoa barafu inayokadiriwa kuvuka miaka milioni 1.2. Greenland haiendi mbali hivyo, lakini huko theluji huanguka kwa wingi, kwa hiyo matabaka ya miaka mingi yanaweza kuhesabiwa moja moja.

Inasema nini. Hapa ndipo barafu inapozipita zote: imefungia hewa yenyewe. Theluji inavyorundikana na kugandamizwa, hewa iliyo katikati ya chembe zake hunaswa kwenye viputo. Maabara huchukua kipande, hukivunja ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, kisha hupima kile kinachotoka. Hiyo ni hewa ile ile waliyoivuta binadamu wa zama za mawe. Kwa njia hiyo tunajua kwamba katika miaka 800,000 kabla ya viwanda, hewa ukaa ilipanda na kushuka kati ya takriban sehemu 170 na 300 kwa milioni. Leo imevuka 420. Nguzo za Greenland nazo zilionyesha kwamba tabianchi inaweza kugeuka ghafla: karibu miaka 11,700 iliyopita joto la huko lilipanda kwa takriban nyuzi 10 ndani ya miongo michache.

Inapokwama. Viputo hufungwa baada ya theluji kuzama makumi ya mita, kwa hiyo hewa iliyomo ni changa kuliko barafu inayoizunguka, na mahali penye theluji haba tofauti hiyo hufika maelfu ya miaka. Kubwa zaidi ni suala la eneo. Hewa ukaa huchanganyika duniani kote, kwa hiyo kipimo cha Antaktika ni kipimo cha wote. Lakini joto lililoandikwa kwenye barafu ya ncha ya kusini ni joto la huko huko.

Sisi tunayo barafu yetu, Kilimanjaro, na inastahili kusemwa kwa uangalifu. Mwaka 2000 timu ya Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, ilichoronga nguzo sita kileleni, iliyo ndefu zaidi ikiwa ya mita 50 hivi. Mwaka 2002 walitangaza kwamba barafu hiyo ina umri wa miaka 11,700, na kwamba ndani yake kuna alama za misukosuko mitatu ya ukame: karibu miaka 8,300, 5,200 na 4,000 iliyopita, huo wa mwisho ukiwa na tabaka la vumbi linaloonekana kwa macho. Ni matokeo yenye uzito. Hata hivyo tarehe zake zimesimama juu ya nguzo chache, na wapo watafiti wanaosema barafu ya kileleni ingeweza kutoweka na kurudi zaidi ya mara moja katika kipindi hicho. Tena katika tropiki uwiano wa oksijeni nzito na nyepesi huathiriwa na wingi wa mvua pamoja na joto, kwa hiyo usomaji wake si rahisi kama wa Antaktika. Mimi ningeiita shahidi wa pili, wa kuunga mkono kile ambacho ziwa limekwisha kukisema. Na shahidi huyu anaondoka: barafu iliyokuwa kilomita za mraba 12 mwaka 1912 ilikuwa imebaki takriban 2.5 mwaka 2000, na inaendelea kupungua.

Inamfaa nani. Anayeuliza kuhusu hewa ukaa, kuhusu mizunguko ya zama za barafu, au kuhusu mabadiliko ya ghafla katika maeneo ya baridi.

## Mashapo ya maziwa

Inafika wapi. Inategemea ziwa. Naivasha imetoa miaka 1,100. Ziwa Tanganyika limetoa historia ya joto ya miaka 60,000. Ziwa Challa, lile dogo la kreta chini ya Kilimanjaro kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania, lilichorongwa mwaka 2016 na kutoa zaidi ya mita 200 za mashapo, yaani takriban miaka 250,000. Ziwa Nyasa, lililochorongwa mwaka 2005 kutoka kwenye tishari lililogeuzwa kuwa jukwaa la mtambo, limefika miaka milioni 1.3.

Inasema nini. Maji, kwanza kabisa. Ziwa likipungua, chumvi huongezeka, aina za mwani na mabuu ya wadudu hubadilika, chavua ya nyasi huzidi ya miti, na yote hayo huzama na kuzikwa chini. Katika maziwa yenye kina kirefu, kama Tanganyika na Nyasa, maji ya chini hayana oksijeni. Hakuna mnyama wa kufukua tope, kwa hiyo matabaka hubaki yalivyotua.

Challa inaonyesha hili vizuri. Ukikata nguzo yake kwa urefu, unaona mistari myembamba, mweupe na mweusi ikipokezana, jozi moja ikiwa na unene wa takriban milimita moja. Mstari mweupe ni maganda ya diatomu, mwani mdogo wenye ganda la kioo, waliostawi wakati wa kipupwe, upepo mkavu ulipoyachanganya maji. Mweusi ni wa majira ya mvua. Jozi moja ni mwaka mmoja. Watafiti walipolinganisha unene wa jozi hizo na kumbukumbu za vipimo vya kisasa, waliona kwamba miaka ya La Niña, ile ambayo Pasifiki ya tropiki hupoa, kinyume cha El Niño, yenye ukavu na upepo mwingi kwetu, huacha jozi nene. Kwa kipimo hicho wakaweza kuzifuatilia El Niño na La Niña kurudi nyuma hadi zama za barafu.

Maziwa yametoa pia habari ambazo kila mkazi wa kanda hii angepaswa kuzijua. Ziwa Viktoria, lenye kina cha mita 80 tu hivi, lilikauka. Nguzo zilizochukuliwa katikati yake zilikuta chini ya tope laini udongo mgumu uliopasuka, wenye vijizizi vya mimea, yaani palikuwa nchi kavu. Hilo lilikuwa kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita, ndipo likaanza kujaa tena. Ziwa Nyasa nalo, katika vipindi vya ukame mkubwa kati ya takriban miaka 135,000 na 75,000 iliyopita, lilishuka kwa angalau mita 600. Hakuna ukame uliowahi kuandikwa na kituo chochote cha hali ya hewa unaokaribia hapo.

Na Naivasha imegusa historia ya watu. Mwaka 2000 mtafiti Dirk Verschuren na wenzake walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1270 na 1850 kanda hii kwa jumla ilikuwa na mvua nzuri, isipokuwa vipindi vitatu: 1380–1420, 1560–1620 na 1760–1840. Vyote vitatu vilikuwa vikali kuliko ukame wowote uliorekodiwa katika karne ya 20, na vinalingana na nyakati za njaa, uhamaji na misukosuko zinazotajwa na masimulizi ya wazee. Kwangu mimi hii ni moja ya kazi nzuri zaidi zilizofanywa katika fani hii kwenye kanda yetu, kwa kuwa tope na simulizi vilikutana bila kuitana.

Inapokwama. Ziwa moja si nchi nzima. Bonde lake, mito yake, hata mfereji uliozibwa na lava vinaweza kubadilisha kina bila mvua kubadilika. Kupima umri kwa radiokaboni, yaani kaboni inayooza kwa kasi inayojulikana, hufika kikomo karibu na miaka 50,000, na katika maziwa yenye miamba ya chokaa au kaboni ya kale kipimo hicho hudanganya. Zaidi ya hapo unategemea majivu ya volkano na sumaku ya Dunia. Majivu husaidia sana: mwaka 2013 watafiti walikuta katika tope la Ziwa Nyasa vipande vya kioo, visivyoonekana kwa macho, vya mlipuko wa Toba wa Indonesia wa karibu miaka 75,000 iliyopita. Tope la juu na la chini ya vipande hivyo halikuonyesha dalili ya baridi kali iliyodhaniwa kuifunika Afrika Mashariki baada ya mlipuko ule.

Inamfaa nani. Mtu yeyote anayeuliza kuhusu mvua, ukame, uoto au uvuvi barani. Katika Tanganyika, kwa mfano, mashapo yameonyesha kwamba joto la maji la mwishoni mwa karne ya 20 halikuwa na kifani katika miaka 1,500, na kwamba mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla ya uvuvi wa kibiashara kushamiri. Anayeshughulika na dagaa wa Kigoma au Bujumbura, hapo ndipo pake.

## Mashapo ya bahari

Inafika wapi. Mbali kuliko barafu na ziwa. Kuna mfululizo wa pamoja uliounganishwa kutoka vituo 57, unaofunika miaka milioni 5.3, na mwingine uliochapishwa mwaka 2020 unaorudi hadi miaka milioni 66. Sakafu ya bahari yenyewe haivuki sana miaka milioni 180, kwa kuwa iliyo kuukuu zaidi imekwisha kumezwa chini ya mabara.

Inasema nini. Foraminifera, viumbe wa chembe moja wanaojenga ganda la chokaa, huchukua oksijeni ya maji wanamoishi. Oksijeni hiyo husema mambo mawili kwa pamoja: joto la maji na wingi wa barafu iliyokuwa nchi kavu. Mwaka 1976 nguzo mbili za kusini mwa Bahari ya Hindi ndizo zilizothibitisha kwamba zama za barafu hufuata mabadiliko ya mzunguko wa Dunia kulizunguka jua, kwa vipindi vya takriban miaka 100,000, 41,000 na 23,000, kama mwanasayansi wa Serbia, Milutin Milanković, alivyokuwa amekokotoa kwa kalamu na karatasi.

Wengi hawajui kwamba sehemu ya ushahidi bora wa bahari ya zama za joto imetoka nchi kavu ya Tanzania. Kati ya Kilwa na Lindi kuna udongo wa mfinyanzi uliotua chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita, kisha ukainuliwa. Mfinyanzi huo haupitishi maji, kwa hiyo maganda ya foraminifera hayakuyeyuka na kujijenga upya kama yalivyofanya katika nguzo nyingi za bahari kuu. Chini ya darubini yanapitisha mwanga kama kioo. Mtafiti Paul Pearson na wenzake, wakifanya kazi na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, waliyatumia kuonyesha kwamba bahari ya tropiki ya zama hizo ilikuwa ya joto, tofauti na maganda yaliyoharibika yaliyodai kuwa ilikuwa ya ubaridi. Baadaye sampuli hizo hizo zilitumika kukadiria hewa ukaa ya karibu miaka milioni 34 iliyopita, wakati barafu ilipoanza kujikusanya Antaktika.

Inapokwama. Katika bahari kuu tope hujaa sentimita chache tu kwa miaka elfu, na minyoo huvuruga hata hizo. Miaka 500 inaweza kuwa imechanganyika katika kijiko kimoja. Usitafute humo ukame wa miaka mitatu.

Inamfaa nani. Anayeuliza Dunia yenye joto zaidi ya leo ilikuwaje. Tukio la miaka milioni 56 iliyopita, ambapo kaboni nyingi ilimwagika angani na Dunia ikapata joto la takriban nyuzi 5 na kuchukua zaidi ya miaka 100,000 kutulia, linasomwa hasa katika mashapo ya bahari.

## Mawe ya mapangoni

Inafika wapi. Hadi takriban miaka 600,000, ambao ndio mpaka wa kipimo cha urani na thoriamu, kinachotegemea urani iliyomo kwenye jiwe kuoza polepole na kuwa thoriamu.

Inasema nini. Mvua. Maji yanayodondoka pangoni huacha chokaa kidogo kidogo, na jiwe hukua kutoka sakafuni kwenda juu. Oman inaongoza katika ukanda wetu wa bahari. Jiwe la pango la Qunf, upande wa Dhofar kusini mwa nchi hiyo, linaonyesha kwamba mvua za kusi zilikuwa nyingi mwanzoni mwa kipindi cha joto cha sasa, kilichofuata zama za barafu za mwisho, kisha zikapungua polepole tangu karibu miaka 8,000 iliyopita. Pango la Hoti, kaskazini, linaonyesha vipindi kadhaa vya mvua katika miaka zaidi ya 300,000. Baina ya kipindi kimoja na kingine jiwe halikukua kabisa, na kutokukua huko ni habari: palikuwa pakavu.

Inapokwama. Inahitaji chokaa na pango, na Afrika Mashariki haina rekodi nyingi za namna hii zilizochapishwa. Pengo la jiwe hukuambia palikuwa pakavu, lakini halikuambii kiasi gani.

Inamfaa nani. Anayethamini tarehe kuliko kitu kingine. Hakuna kumbukumbu ya umri wa mamia ya maelfu ya miaka inayopimika kwa uhakika kama hii.

## Matumbawe

Inafika wapi. Tumbawe hai hutoa karne mbili au tatu. Lile la Malindi lililochapishwa mwaka 2000 lilianza 1801 na kuishia 1994.

Inasema nini. Tumbawe kubwa la mviringo hukua sentimita moja hivi kwa mwaka, na ukilipiga picha ya eksirei unaona pete za mwaka. Kemia yake husema joto la bahari, si kwa mwaka tu bali hata kwa majira. La Malindi lilionyesha bahari ikizidi kupata joto, na likafuatana na mapigo ya Pasifiki ya mbali, jambo linaloeleza kwa nini El Niño ikianza kule, sisi tunapata mvua za vuli zisizo za kawaida.

Tumbawe jingine la hapo hapo, la miaka 300, lilipimwa bariamu. Madini hayo huja na udongo unaosombwa na mto Sabaki. Kwa karne mbili kiwango chake kilikuwa kimetulia, kisha kikaanza kupanda mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ardhi ya bara ilipofyekwa na kulimwa kwa kasi chini ya ukoloni. Mashamba ya bara yaliandikwa ndani ya bahari. Kwa mtu wa hifadhi ya udongo, sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo.

Inapokwama. Ni fupi, na inafia mikononi mwetu: joto la bahari la 1998 liliua matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi magharibi. Yale yaliyokufa zamani, ambayo yamekuwa jiwe la pwani, husema zaidi kuhusu usawa wa bahari. Karibu miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu ya ilipo leo kwa mita 6 hadi 9, na sehemu kubwa ya jiwe la matumbawe la pwani ya Kenya ni mwamba ulioota wakati huo.

Inamfaa nani. Watu wa pwani, wa uvuvi, wa hifadhi za bahari, na anayetaka kuunganisha vipimo vya vituo vya hali ya hewa na karne zilizotangulia.

## Miamba ya kale

Inafika wapi. Mamia ya mamilioni ya miaka, na zaidi.

Inasema nini. Hali ya jumla tu: palikuwa na barafu, jangwa, kinamasi, au bahari ya joto. Lakini inasema mambo makubwa. Huko Katanga, kusini mwa Kongo, wachimbaji wa shaba wanalijua tabaka liitwalo Grand Conglomérat, mchanganyiko wa mawe ya kila ukubwa ndani ya tope lililokuwa gumu, lililoachwa na barafu zaidi ya miaka milioni 650 iliyopita, wakati inapodhaniwa Dunia iliganda karibu yote, pamoja na tropiki. Katika bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, mashapo ya barafu ya Idusi yako chini ya makaa ya mawe ya Mchuchuma na Ngaka. Barafu chini, makaa juu: nchi ile ile ilitoka kwenye baridi kali ikaingia kwenye vinamasi vyenye misitu, katika zama za karibu miaka milioni 300 iliyopita, Afrika ilipokuwa imesogea kusini zaidi.

Inapokwama. Tarehe huwa na pengo la mamilioni ya miaka, na mabara yamehama. Usilinganishe na leo bila kuuliza kwanza mahali hapo palikuwa wapi duniani.

Inamfaa nani. Mwanafunzi wa jiolojia aliye karibu na miamba hiyo, na mwalimu anayetaka ushahidi wa kushikwa kwa mkono.

## Ukiwa kwenye hali hii, anzia hapa

Ukitaka kujua kama hewa ukaa ya leo ni ya kawaida, nenda kwenye barafu ya Antaktika, na usihangaike na kingine kwanza.

Swali lako likiwa ni mvua ya nchi yako, chukua ziwa lililo karibu na wewe, kisha ziwa la pili la upande mwingine wa bonde au mlima. Maziwa mawili yakishuka kwa wakati mmoja, uwezekano wa kuwa ni tatizo la mfereji mmoja unapungua.

Kama ubishi wako ni kasi ya mabadiliko, usitegemee shahidi mmoja hata awe mzuri vipi. Chukua mwisho wa kipindi cha mvua nyingi barani Afrika, wakati Sahara ilipokuwa na uoto. Vumbi lililotua baharini nje ya Mauritania linasema Sahara ilikauka ndani ya karne chache, karibu miaka 5,500 iliyopita. Jiwe la Qunf linasema mvua ilipungua taratibu, na tope la Ziwa Yoa, kaskazini mwa Chad, nalo linaonyesha ukavu ulioingia polepole. Vyote vinaweza kuwa kweli kwa mahali pake, na utafiti mzuri hueleza kwa nini vinatofautiana badala ya kukitupa kimoja.

Mwanafunzi asiye na fedha za kuchoronga asikate tamaa. Data za nguzo nyingi nilizozitaja ziko wazi bure mtandaoni, kwenye hazina ya NOAA, shirika la bahari na anga la Marekani, na PANGAEA ya Ujerumani. Tasnifu ya shahada ya kwanza inaweza kufanyika kwa kulinganisha rekodi mbili zilizokwisha chapishwa, na kazi ya namna hiyo bado ni haba kwa kanda yetu.

Mwalimu aliye Songea au Likasi aanze na miamba, awapeleke wanafunzi wakaione. Aliye Malindi, Tanga au Unguja awaonyeshe jiwe la matumbawe kwenye kuta za nyumba za kale. Aliye Mwanza, Kisumu au Entebbe ana Ziwa Viktoria mbele yake, na hadithi ya kukauka kwake inatosha vipindi viwili.

Anayefikiria Dunia yenye joto kuliko hii asome bahari, akianza na Kilwa. Aliye Muscat au Salalah asome mapango.

Na mwandishi wa habari anayeletewa dai kwamba ukame fulani haujawahi kutokea, amuulize msemaji maswali matatu kabla ya kuandika: haujawahi kutokea tangu lini, kwa kumbukumbu ipi, na kumbukumbu hiyo inaweza kuuona ukame wa miaka mitatu? Kama jibu ni vituo vya mvua pekee, basi sentensi sahihi ni kwamba haujawahi kutokea tangu vipimo vilipoanza, na hapo inafaa kuongeza kile ambacho tope la Naivasha limesema kuhusu karne zilizotangulia.